Nyumba ya Bongwe Tuliyoiacha

Binti yangu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Chembe za damu yake hujikunja kama mundu, zikaziba njia, na hapo zilipoziba ndipo panapouma. Baridi humwamshia maumivu hayo, nasi tulikuwa tukiishi Nairobi, ghorofa ya nne, katika nyumba ambayo jua lilikuwa likiishia kwa jirani. Julai ikifika nilikuwa namvisha soksi mbili mbili na sweta juu ya sweta, na bado asubuhi nilikuwa namkuta ameuma pembe ya blanketi ili asituamshe kwa kilio. Alikuwa na miaka tisa na tayari alijua kulia bila sauti.

Daktari aliyekuwa akimtibu alituambia, "Mkiweza, mpelekeni mahali pa joto. Anywe maji mengi, na msikae mbali na hospitali." Tukatoka pale, mimi na mume wangu, tukizungumza habari ya joto tu. Tulikuwa tumechoka na baridi mno hata masikio yetu yalichukua neno moja yakayaacha mengine.

Mume wangu ni mwokaji mikate. Dada yake alikuwa akifanya usafi wa vyumba katika hoteli moja Diani, na ndiye aliyemwambia kwamba jikoni kwao walihitaji mtu wa unga. Akaenda, akapewa kazi. Shule zilipofungwa Agosti nikafunga cherehani yangu kwa magunia, maana mimi hushona sare za shule, tukateremka Pwani na mtoto. Tukafikia kwa wifi yangu, Ukunda, vyumba viwili, sisi watatu tukilala chumba alichokuwa akiwekea majiko na ndoo.

Wifi yangu alitaka tukae karibu naye. Kanisa lilikuwa pale, watu wa kwetu walikuwa pale, na hata chumba kilikuwa kimebaki kitupu upande wa pili wa ua. Lakini nyuma ya ukuta palikuwa na baa, na muziki wake ulikuwa ukitetemesha vikombe kabatini mpaka karibu na alfajiri. Mtoto akipata maumivu, kelele humwongezea. Nilipomwambia wifi tutatafuta mbali kidogo, alicheka.

"Wifi, mtoke Nairobi mje mtafute ushago, huko mashambani? Huku kila kitu kiko karibu. Ukitaka soko, hili hapa. Ukitaka duka la dawa, lile pale."

"Nataka usingizi," nikamwambia.

Basi tukaanza kuzunguka na madalali. Mume wangu alikuwa akiingia kazini usiku wa manane unaposogea alfajiri, akitoka mchana, na badala ya kulala anafuatana nami kuangalia nyumba. Nyumba za upande wa barabara ya ufukweni zilikuwa za watu wa fedha za kigeni. Nyingine hazikuwa na choo. Nyingine zilikuwa na choo, hazikuwa na dirisha. Kila dalali alituambia hii ndiyo yenu, akatupa ufunguo tujaribu kufungua mlango, kana kwamba mlango ukifunguka tu mtu ameshahamia. Mtoto tulikuwa tukimwacha kwa wifi siku ambazo yeye aliingia kazini jioni, na siku nyingine tukamchukua. Ilifika mahali nikawa naingia nyumba ya watu nakaa chini sakafuni, nimenyoosha miguu, huku mume wangu akiuliza maswali peke yake.

Ndipo tukaonyeshwa nyumba ya Bongwe, kijiji kilicho ndani kidogo kutoka Ukunda.

Ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa pale. Mwanawe aliijenga, kisha akapata kazi mbali, akamwachia mama ufunguo. Ilikuwa nyumba ya matofali ya mawe, yenye baraza mbele, jiko la nje, na mikorosho iliyotia kivuli ua mzima. Upepo ulikuwa ukiingia mlango wa mbele ukitokea wa nyuma. Binti yangu alivua viatu bila kuambiwa, akakaa barazani akichezesha vidole vya miguu kwenye saruji yenye joto. Mume wangu, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amesema neno ila la lazima, akaenda nyuma ya jiko akaanza kupima kwa hatua zake. "Hapa nitajenga tanuri," akasema. "Watu wa huku watakula mkate wangu." Mimi nilikuwa nimeshaona dirisha la kuwekea cherehani. Na kodi yake tuliiweza.

Mwenye nyumba hakutuficha kitu. "Maji ya kisima yana chumvi, mwanangu," akaniambia. "Ya kuoshea ni mazuri. Ya kunywa twanunua kwa mwenye mkokoteni, akija."

"Na asipokuja?"

"Sisi twanywa haya haya. Tumeyazoea."

Tukakubaliana tuhamie mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo akatupa ufunguo tusafishe. Usiku ule nililala vizuri hata muziki wa baa sikuusikia.

Siku ya kusafisha nilikwenda na binti yangu, baba yake akiwa kazini. Tulichukua chupa moja kubwa ya maji, na kabla jua halijawa kali ilikuwa imekwisha. Mwenye mkokoteni hakuonekana. Nilimchotea mtoto maji ya kisima, akaonja, akatema, akacheka na kukunja uso. "Mama, haya ni bahari." Nikamwambia akae kivulini, nikaenda dukani kununua maji. Duka halikuwa karibu, na la kwanza halikuwa na maji ya chupa, nikaenda la pili.

Niliporudi nilimkuta ameketi chini karibu na ufagio, mgongo umeegemea ukuta, mikono yote miwili imeshika paja. Kumbe hakukaa. Alifagia vyumba vyote, na ua akaufagia, maana alitaka chumba cha dirisha kubwa kiwe chake na alidhani akikisafisha hatutamnyima. Hakuwa akilia. Alinitazama tu, nikajua.

Nilimpa maji, akanywa kidogo, akaacha. Nikamwinua, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake. Kumpakia kwenye bodaboda haikuwezekana, asingeweza kukaa. Nilimpigia baba yake, simu ikalia bila kupokewa. Wafanyakazi wa jikoni walikuwa wakiacha simu zao kwenye makabati. Nikatoka mbele ya nyumba nikaita kwa sauti bila kujua namwita nani.

Aliyekuja ni mwenye nyumba. Alimwangalia mtoto, akatoka hadi njiani, na mtu mzima yule nikamwona anakimbia huku ameshika pindo la buibui lake mkononi. Alirudi na tuktuk. Akavua leso aliyojifunga kichwani, akaikunja mara kadhaa akaitandika kitini. "Ingia wewe kwanza, mwanangu. Mlaze mapajani, kichwa upande wangu." Akaingia na yeye.

Ile njia tuliyokuwa tumeisifia kwa utulivu wake ilikuwa mashimo matupu. Kila tuktuk iliporuka, mtoto alipiga kelele. Dereva akipunguza mwendo, namwambia aharakishe, akiharakisha, namwambia apunguze. Bibi yule alikuwa amemshika kichwa kwa viganja viwili, akisoma dua kwa sauti ya chini, tangu Bongwe mpaka Ukunda. Katika zahanati ya kwanza tuliyoiona walimpa dawa ya kutuliza maumivu, wakatuambia tusipoteze muda, twende hospitali ya Msambweni. Nilimpigia wifi yangu akaja na gari la kukodi, bibi akabaki, nasi tukaondoka. Nilipogeuka nilimwona amesimama kando ya barabara kichwa wazi, leso yake tukiwa nayo sisi.

Msambweni walimwekea maji ya mshipani na dawa yenye nguvu, na muuguzi akaniambia kwa upole, "Ugonjwa huu huku twaujua sana, mama. Joto peke yake halimtoshi. Akikaukiwa na maji mwilini, ni yale yale."

Kitanda cha pili alikuwa msichana mkubwa kidogo mwenye maradhi kama ya binti yangu, na mama yake, mwenyeji wa Msambweni, hukaanga samaki kando ya barabara kuu. Nilimwamkia kwa shikamoo maana alinizidi umri, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti. Hakunipa nasaha yoyote siku ile. Alinipa chai. Kesho yake ndipo akauliza, "Mwakaa wapi?"

"Twahamia Bongwe."

"Bongwe ni kuzuri," akasema. Akamfunika binti yake miguu. "Mimi nilikuwa Lunga Lunga kwa mume wangu. Nyumba kubwa, ng'ombe, kila kitu. Nilirudi huku kwa ajili ya huyu. Kama mtapenda, kuna nyumba nyuma ya banda langu. Si nzuri, nakwambia mapema. Lakini mtu aweza kuja hapa kwa miguu."

Mume wangu alifika mchana na nguo nyeupe za kazi, viatu vimejaa unga. Alikaa na mtoto mpaka akasinzia, kisha tukatoka nje kwenye ujia. Nikamweleza habari ya ile nyumba. Hakupenda.

"Tutanunua tangi la maji tuliweke Bongwe," akasema.

"Na barabara? Hiyo nayo tutainunua?"

"Wewe wajua naingia kazini saa ngapi. Kutoka hapa mpaka Diani saa zile nitapanda nini?"

Kulikuwa na mabweni ya wafanyakazi hotelini. Tulikuwa tunayajua sote wawili na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyataja. Mwishowe akayataja yeye, amegeukia ukutani. "Tulitoka Nairobi tukakae pamoja mahali pazuri. Sasa mimi nitalala na wanaume wenzangu kama mseja."

"Mimi pia nimechoka," nikamwambia. "Ukiona pengine, niambie, nitakwenda leo."

Hakuona pengine. Wala mimi.

Nilikwenda Bongwe kurudisha ufunguo na leso niliyokuwa nimeifua na kuipiga pasi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi ya kuomba radhi. Mwenye nyumba alipokea vyote viwili, akauliza, "Mtoto hajambo?" Nikasema hajambo. "Alhamdulillahi." Akaingia ndani akatoka na madafu mawili. "Mpelekee. Haya hayana chumvi." Nilipita mbele ya ile nyumba nikaona ua ulivyofagiliwa, alama za ufagio bado zimo mchangani chini ya mikorosho. Sikusimama.

Nyumba ya Msambweni ni vyumba viwili, na yule mama wa samaki hakuwa amenidanganya. Bati liko chini, mchana ni kama kukaa ndani ya sufuria. Malori yatokayo mpakani hupunguza mwendo mbele yetu kwa kishindo, na vumbi lao hutua juu ya vitambaa, kwa hiyo mashati meupe ya wanafunzi nayashonea chini ya gazeti, nikilisogeza kidogo kidogo. Moshi wa mafuta ya samaki umeingia mapazia. Sijaipenda nyumba hii. Nilidhani nitaipenda kwa mazoea, haikuwa.

Mume wangu huja siku zake za mapumziko. Mwanzoni tulikuwa tukigombana siku ya kwanza na kupatana siku ya pili, halafu anaondoka. Siku hizi hatugombani sana, nadhani kwa sababu kugombana kunataka nguvu.

Maumivu yaliendelea kumjia mtoto, ingawa si kama zamani. Mvua za masika zilipoanza yalimshika asubuhi akijitayarisha kwenda shule. Nilichukua chupa ya chai, mama wa samaki akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukaenda hospitali polepole, tukipumzika kila alipotaka. Tulifika akiwa bado anaweza kutaja jina lake kwa muuguzi.

Jioni yake, yuko kitandani wodini na sindano ya maji mkononi, akaniuliza, "Mama, kama mimi ningekuwa mzima, tungekaa Bongwe?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini yeye amelala kwenye vitanda vile maisha yake yote na anajua watu wakubwa wanapodanganya.

"Ndiyo," nikasema. "Tungekaa kule."

Akafikiri. "Mimi hapa napapenda."

"Unapapendea nini? Kelele? Vumbi?"

"Hapa nikiumwa hamkimbii," akasema. "Nyinyi mkikimbia mimi naogopa."

Nilitoka nje nikajifanya naenda kuosha kikombe. Niliyafungua maji ya bomba nikayaacha yatiririke mpaka mtu mwingine mwenye kikombe akasimama nyuma yangu akingoja.

Baba yake nilimpigia nikamwambia maneno hayo kama alivyoyasema. Kisha akaniuliza kama mtoto amekula, na amekula nini, na kama alimaliza.

Wiki iliyopita alikuja kwa mapumziko, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ananuka hamira. Hakula. Alitandika mkeka karibu na mlango akalala chali, na binti yetu, aliyekuwa akifanya hesabu zake za shule, akainyoosha miguu yake juu ya tumbo la baba yake kama mtu awekaye miguu juu ya mto. Nilidhani mume wangu amekwisha sinzia.

"Kuna mtu jikoni ameniambia habari ya nyumba," akasema, macho yamefumbwa. "Iko Milalani. Vyumba vitatu. Si mbali na hospitali."

"Lala kwanza," nikamwambia.