Chumba cha Mama na Simenti Iliyolala Kibombo

Hasira hii ninayo tangu kiangazi, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sokoni nikienda narudi mbio. Kwa hiyo siku zote fundi alipokuwa akijenga chumba cha mama uani kwangu, nilikuwa barazani, kikombe mkononi, natazama. Sikuona kitu.

Paa la nyumba ya mama lilikuwa limeanguka. Alilala sebuleni kwangu, kifua kikimbana, na mvua zilikuwa karibu. Kuta zilisimama upesi. Kisha kazi ikafa.

"Tunangojea simenti, papa," fundi akasema. "Treni imekwama njiani, imelala Kibombo."

Juma likapita, la pili, la tatu. Seremala wa paa alikuja kila asubuhi, akaambiwa na fundi angoje, akaketi juu ya mbao zake, akanywa chai yangu, akaenda. Kuku wakahamia chini ya mabati. Mimi nikailaani treni, kwa Kifaransa cha shule.

Mama ndiye aliyenizindua. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. "Simenti njo ya nini?"

"Ya sakafu, mama."

"Na paa inakaa juu ya sakafu?"

Nilimkumbuka baba. Wakati wa vita tulirudi kutoka msituni, tukakuta nyumba yetu ni majivu. Treni hakuna, simenti hakuna. Baba akaokota kipande cha mkaa, akaandika kwenye ubao safu mbili: kazi zinazongoja nyingine, na kazi zisizongoja kitu. Matofali yakikauka, tulikata miti. Miti ikikauka, tulichoma matofali. "Hatujui utulivu huu ni wa siku ngapi," alisema. "Hakuna mukono wa kukaa bure." Mvua ilitukuta ndani, na risasi zikilia ng'ambo ya mto.

Na mimi, na amani yangu, na diploma yangu ya serikali, nimeshindwa na sakafu.

Nikamwita fundi. "Kwa nini ulimzuia seremala asiezeke?"

Alitazama chini. "Papa, paa ikifika, mwenye nyumba anaingia. Akiisha kuingia, masoni kama mimi anasahauliwa. Sakafu yake haimalizikake tena. Nimeona nyingi."

"Kwa hiyo mama yangu akohoe juu ya mkeka, wewe usisahauliwe?"

Nilitamani kumrushia kikombe. Lakini kikombe ni changu, na chai yote ile niliimimina mimi.

Seremala aliezeka kwa siku nne. Siku nne! Mvua ya kwanza ilimkuta mama kitandani mwake, mkavu, juu ya sakafu ya udongo.

Treni ilikuja baadaye. Mifuko ya simenti iko barazani, naegeshea miguu. Fundi bado sijamwita. Kila asubuhi mama anatoka chumbani, anakohoa kidogo, anaitazama mifuko, ananitazama mimi.

"Baba," ananiuliza, kama anavyoniita tangu utotoni, "na sasa tunangojea nini?"