Sauti ya Odhiambo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka chakula hakinishuki. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba mjini, mtaa wa Migosi, natengenezea watu tovuti. Shuleni sikufika mbali. Kazi hiyo niliijua kwa kujaribu na kukosea.

Kaka yangu Odhiambo, aliyeongoza kwaya kanisani, alikuwa amefariki. Wimbo wake mmoja tu ndio uliorekodiwa, kwa simu iliyokuja kuharibika. Mimi niliuweka kwenye tovuti pamoja na picha zake, nikamwambia mama, "Huku hataoza." Basi mama akitoka kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Otonglo, alipitia kwangu amsikilize.

Kisha mambo yakabadilika, kama yanavyobadilika hadi leo. Programu niliyotumia ikawa ya kizamani. Kampuni iliyotutunzia tovuti ikatangaza kwamba mitambo yake ya zamani itazimwa, kila mtu atengeneze upya kazi yake kwa njia mpya. Tangazo nililisoma. Njia mpya sikuijua, na kujifunza kulikuwa kumenichosha: ulichosifiwa mwaka jana, mwaka huu unachekwa kwa hicho hicho. Nikasema, nitajifunza baadaye.

Mama akaja, akaweka beseni chini, akakaza leso.

"Haya, niwekee mtoto."

Nikabonyeza. Ukurasa mweupe.

"Mtandao umepotea?"

"Hapana, Mama. Wamezima mitambo, na wimbo sina kwingine."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za programu. Akanikatiza. "Otieno, nyumba yangu ni ya udongo. Kila mvua zikiisha naikandika. Mgongo unauma, nakandika. Hiyo yako uliijenga na nini, hata haitaki kukandikwa?"

Akajitwika beseni, akaenda. Hakuniuliza tena habari za wimbo ule hadi nilipomzika kando ya Odhiambo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeona ukuta usiojengeka tena.

Mwanangu unayefanya kazi hii, mapya yote hutayamaliza, wala usikimbilie kila king'aacho. Mengine yatakufa kabla hujayazoea. Lakini kazi uliyomkabidhi mtu, irudie. Jifunze jipya kwa ajili yake, hata ukiwa umechoka. Na kitu cha asili, kama sauti ile, usikiache mahali pamoja tu.

Mungu akupe mgongo wa mama yangu. Na yeyote atakayekuamini, asije akakuta ukurasa mweupe.