Alama Mbele ya Jina la Binti Yangu

Asubuhi ile kaka yangu mkubwa aliisukuma bahasha upande wa pili wa meza, nami nikamwacha. Ilinipasa kumkatalia palepale.

"Usitie sahihi," alisema. "Siasa ndiyo iliyotuchomea nyumba kule Kongo."

"Yaya," nikamwita kama tunavyowaita kaka wakubwa kwetu Kongo, "hii ni kura ya Uswidi."

"Na kule kulikuwa kwetu. Wakachoma."

Nikaiweka bahasha juu ya kabati.

Ilitoka kwa binti yangu, ikiwa na karatasi za kura. Mimi naye tulipokelewa kama wakimbizi katika kisiwa kimoja cha Uswidi, tukapata uraia, kisha mimi nikahamia Birmingham, hapa Nechells, niwe karibu na kaka. Yeye alibaki, akawa muuguzi, na mwaka ule akagombea ubunge. Kule mpiga kura huchagua chama, halafu akipenda hutia alama mbele ya jina moja. Binti yangu alikuwa wa pili kwenye karatasi ya chama chake, na katika jimbo dogo kama lile chama kilitarajia kiti kimoja tu. Bila alama za kutosha, kiti kingekwenda kwa bwana aliyetangulia. Nami bado nilikuwa na haki ya kupiga kura kwa posta, mbele ya mashahidi wawili.

Baada ya uchaguzi, alama zilichukua siku kadhaa kuhesabiwa. Mchana mmoja nikaenda kwenye duka la intaneti mtaa wa jirani, Alum Rock. Kaka akanifuata, eti anatafuta mihogo. Nilisoma Kiswidi polepole, kidole kwenye kioo. Binti yangu alikuwa amempita yule bwana.

"Amepata?"

"Amepata kiti, Yaya."

Akamgeukia mwenye duka, Mhindi wa Uganda. "Mbunge huyo ni mtoto wangu mimi!"

"Basi, baba mheshimiwa, punguza sauti. Wenzako wanapiga simu."

Jioni binti yangu akapiga. "Papa, hata bibi mfuga kondoo wa jirani ameniwekea alama. Ya kwako ilifika?"

"Sikuituma, mwanangu. Niliogopa."

Akauliza, "Utaituma safari ijayo?"

Niliituma. Uchaguzi uliofuata kaka mwenyewe alitia sahihi kama shahidi, akinung'unika kwamba kalamu yangu ni mbovu, na binti yangu akarudi bungeni.

Lakini mara ya kwanza ndipo aliponihitaji. Watu wa kisiwa kile walimpeleka bungeni, na baba yake hakuwa mmoja wao. Nafasi hiyo ndiyo niliyoipoteza.