Mkeka wa Dada Mwanapili

Mimi Jaafar nimeishia darasa la nne, lakini Msambweni hakuna anishindaye kwa kujua mambo. Kwa hiyo mpwa wangu Twaiba na mumewe Kombe walipokwenda Mombasa, kwenye jumba la makumbusho, niliwaongoza mimi. Hawakuniomba.

Dada yangu Mwanapili, mamake Twaiba, alifariki akiwa anausuka mkeka wake wa kuzikiwa. Haukuwa umefika hata nusu. Tukamzika kwa mkeka wa dukani. Miaka tisa sasa Twaiba ameapa kuumaliza, ila nakshi ile haijui tena mtu yeyote. Mkeka mwingine wa namna hiyo aliousuka dada ni mmoja tu, nao uko Mombasa kwa sababu zamani nilimpa mtafiti aliyekuwa akikusanya vitu. Alinipiga picha, nikaringa mwaka mzima.

Tulipoufikia, Twaiba akavua viatu. Kombe naye akavua. Na mkeka wenyewe umetundikwa ndani ya kabati la kioo!

"Mama, hapa hatutoi viatu," askari akasema.

"Mwanangu, mkeka hausogelewi na viatu," Twaiba akamjibu.

"Lakini hakuna wa kuukalia."

"Mwache," akasema Kombe. "Yuko kwa mamake."

Twaiba akasogeza uso mpaka kioo kikaingia ukungu. Vidole vikaanza kwenda hewani: juu ya mbili, chini ya moja, rudi. Kombe, mvuvi wa pweza asiyejua hata kushika ukindu wa kusukia, akawa anamhesabia kwa sauti ya chini. Adhuhuri iliwakuta papo hapo.

Mimi nikasoma kibao, maana kusoma najua. "Msukaji hajulikani. Umetolewa na Jaafar wa Msambweni."

"Mjomba," Twaiba akaniuliza bila kugeuka, "hukuwatajia jina lake?"

Nilitaja langu tu. Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikamfuata askari. "Mwanangu, andika: Mwanapili binti Swabir." Akaandika kiganjani mwake, akaahidi kumpelekea mkubwa wake.

Mkeka ule aliouacha dada sasa umebakiza upana wa shubiri mbili umalizike. Juzi nimemuuliza Twaiba, "Mamako keshazikwa. Huu ni wa nani?"

"Wako, mjomba. Wewe sikuziki kwa wa dukani."

Nimemwambia asuke taratibu, sina haraka. Lakini kila Ijumaa napita kuutazama, na viatu naviacha mlangoni.