Sentensi ya Kikopti Iliyoninyima Kitanda Nizwa

Jamani, hili nawasimulia nikiwa nimejifunika uso. Asubuhi ile, huku Omani, nilitoka Ibra na begi mgongoni, sijui nakwenda wapi (ndiyo maisha yangu tangu nilipoacha shule), akanipa lifti Mzee Nassor, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa anarudi kwake Nizwa, na ile shikamoo yangu ikamfurahisha mpaka akanipeleka moja kwa moja barazani kwake, kwenye kahawa na halua pamoja na wazee wenziwe.

"Utalala kwetu, mwanangu?"

"La, Mzee, napita tu. Naelekea Bahla."

Uongo mtupu! Lakini adabu yetu ndiyo hiyo, mgeni hukataa kwanza, mwenyeji akamshikilia, ndipo akubali kama anayelazimishwa. Basi nikawa nangoja kushikiliwa.

Huku nangoja, nikajua kuwa niliyekaa naye bega kwa bega, Daktari Mina, bwana mwenye duka la dawa, ni Mkopti wa Misri. Siku hizo Kikopti, lugha ya kale ya kanisa lao, kilikuwa kimenipanda kichwani, nakisikiliza kwenye simu kutwa. Nikawaeleza wazee (nani kaniuliza?) kwamba lugha ile inaweza kutanguliza kitendo na kumtaja mwenyewe mwisho, kama kusema "kaja, yaani, Salimu," na hiyo "yaani" watu wa kusini mwa Misri walikuwa na yao na wa kaskazini yao.

"Hebu tusikie," akasema Mzee Nassor.

Nilikuwa na sentensi moja niliyoikariri, ningeisema tu. Mimi nikaiimba, na lahani yake vilevile nilivyoisikia.

Mina akasimama wima, kichwa chini. Wazee kuona Daktari kasimama, nao wakasimama. Huko ndani wenye nyumba wakachungulia, wakaona baraza zima liko wima, wakadhani wageni wanaaga, wakaleta chetezo. Na udi ukishapita, mnajua wenyewe, hakuna tena kukaa. Nikafukizwa shati mpaka begi, huku nachekacheka kama mjinga.

"Mina, wewe si unarudi Bahla?" akasema Mzee Nassor. "Basi mchukue kijana, njia moja."

Nikapanda gari ya Mina. Tulipotoka mjini ndipo akaniuliza kwa Kiarabu, "Ile umejifunza wapi?"

"Kwenye simu."

"Sisi huiimba kanisani tukimzika mtu. Nilidhani umeniletea khabari ya msiba."

Nilitamani niruke gari ikienda. Mara nikamwona mabega yanamtikisika: anacheka! Alicheka hata akaegesha kando ya barabara, afute machozi.

Tukaingia Bahla jua linazama, sijawahi kufika, simjui mtu, nanukia kama bwana harusi.

"Kweli unapo pa kwenda?"

Nikatikisa kichwa.

"Nyuma ya duka kuna chumba na godoro. Utalala kwa..."

"Naam!" nikamkatiza kabla hajamaliza.

Na nimeapa: sentensi nisiyojua huimbiwa nani siimbi tena, na nikiulizwa kama nitalala, nalala.