Mtama Mwekundu na Kuku Wasiosimama

Subira yangu ilikatika pale bwana shamba alipowaambia watu wa mnada wa Karatu, huku akicheka, kwamba sisi akina mama tukisoma kidogo tunajiona wataalamu. Nikaingiza mkono kwenye tenga, nikamtoa kuku mmoja, nikamweka juu ya daftari lake lililo wazi, na kuku akalala pale kama kitambaa kilicholowa, mguu huku na mguu huku, akanya. Watu wakaangua kicheko. Ni aibu kusema, lakini hawakumcheka bwana shamba, walinicheka mimi, mwenye mtoto mgongoni na cheti cha sekondari sandukuni.

Yalianza na jambo dogo. Shule ilikataa kuniajiri nikiwa na mtoto anayenyonya (nirudi akiacha ziwa, walisema, kana kwamba mpaka siku hiyo tungekula hewa), basi nikaagiza vifaranga arobaini wa kuku wa nyama kutoka Arusha, na Bwana Salimu, mwenye duka anayepeleka vyakula hoteli ya kule juu ukingoni mwa kreta, akaniahidi kwamba wakinenepa atachukua kuku kwangu kila wiki. Kazi ya nyumbani, mtoto karibu. Sikuomba zaidi ya hilo.

Mwaka ule mvua ilikata mapema, mahindi yakawa ya kutafuta, na nani angethubutu kuwamwagia kuku mahindi mbele ya majirani wanaolala na uji? Nikamwuliza bwana shamba. Alikuwa juu ya baiskeli, hata hakushuka.

"Wape mtama, Mama Safari. Nafaka ni nafaka."

Nikawapa mtama mwekundu wa mama yangu, akiba ya nyumba nzima, debe baada ya debe. Na hapa ndipo ninapojichukia: nilipokuwa mdogo nilishinda shambani na kombeo nikifukuza ndege kwenye mtama mweupe, lakini kwenye mwekundu hakuna aliyenituma hata siku moja, kwa sababu ni mchungu na ndege hawaugusi. Nilijua. Nilisoma biolojia, nikakariri sehemu za ua na majina ya mifupa, na sikukumbuka kwamba kuku ni ndege.

Walikula kwa kukosa kingine. Wiki ya nane walikuwa wadogo kama njiwa, miguu imepinda kwa uchungu ule wa mtama, nami nikajidanganya kwamba watanyooka, nikabeba kumi hadi mnadani ambako Bwana Salimu alisema atawaangalia. Akafungua tenga. Kuku wamekaa chini wote kama watu wa msibani.

"Mama Safari," akasema taratibu, "mimi sichinji mgonjwa nikampelekea mtu mezani. Siwezi."

Bibi mmoja muuza tumbaku akachungulia. "Umewalisha nini, binti?"

Nikamwambia.

"Ule mwekundu? Ule tunaoupanda ili ndege wasile?" Akarudia kwa Kiiraqw, wenzake nao wafaidi.

Ndipo bwana shamba, aliyekuwa na meza yake hatua chache tu kutoka pale, akasema yale niliyoanza nayo.

Mama hakunigombeza. Alikung'uta debe tupu, akalirudisha chini ya kitanda, na hilo linaniuma kuliko kicheko chote. Nimeapa kwamba sitampa kiumbe chakula tena kwa neno la mtu asiyeshuka kwenye baiskeli. Jumatatu nilipanda lori hadi Mbulu, nikampelekea mkubwa wa bwana shamba barua. Karani aliisoma, akaniomba nifute sentensi ya mwisho. Sikufuta. Niliandika hivi:

"Bwana, mtumishi wako aliniambia nafaka ni nafaka, wala hakuuliza ni mtama upi. Kuku wangu hawawezi kusimama, na mnunuzi wangu ameondoka. Kosa la kutokumbuka ni langu, nami nimechekwa. Kosa la kutouliza ni lake, naye ndiye aliyecheka. Naomba aje mnada ujao, asimame mahali pale pale, aseme kwa kinywa chake ni mtama upi usiofaa kwa kuku, maana wapo akina mama wengine aliowajibu kama mimi. Na aje kwa miguu."