Dada Wawili na Dirisha Jepesi

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Mdogo wake, aliyepoteza usikivu utotoni, alikuwa akitarizi nguo katika mji mwingine. Kwa kuwa kupigiana simu hakukuwafaa, waliandikiana kutwa nzima, kila mmoja na kazi yake mkononi.

"Umekula?"

"Bado."

"Unangoja nije nikulishe?"

Kompyuta ya Mama Vifungo ilikuwa kuukuu, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na kwa kuchora vipande vya nguo kabla ya kukata ilimtosha kabisa. Balaa lilikuwa ule ukurasa wa ujumbe ndani ya kivinjari. Akiufungua tu, feni inaanza kuunguruma na mchoro unaganda. Akiufunga, kazi inakwenda mbio, ila mdogo wake anabaki kusema peke yake. Alipoufungua baada ya kumaliza gauni moja la harusi, alikuta: "Dada, umeninunia?"

Maneno yale yalimchoma. Akampigia shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, fundi redio asiyeishiwa utani.

"Shemeji, ninunue kompyuta mpya?"

"Ya nini? Hiyo haijazeeka, imebebeshwa. Unapanda lori kwenda kununua chumvi! Weka programu ndogo ya ujumbe, inayojitegemea, isiyopitia kwenye kivinjari."

"Na maongezi yetu yakipotea?"

"Akaunti ni ile ile. Yatakufuata."

Akamwelekeza kwa simu, neno kwa neno. Mama Vifungo alikosea herufi, akafoka, akarudia. Mwishowe likafunguka dirisha dogo la kijivu, halina hata pambo, na maongezi yote yamo. Feni ikanyamaza kimya.

Kasoro haikukosekana. Vikatuni ambavyo mdogo wake alivipenda vilifika kama viboksi vitupu.

"Nimekutumia paka anacheza ngoma!"

"Huku limefika boksi. Nieleze basi."

"Amevaa kofia, anajidai, lakini kiuno kimemkatalia."

Mama Vifungo alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. Tangu hapo hakutaka tena picha, alitaka kusimuliwa.

Wiki hiyo hiyo alikuwa akichora kola ya gauni ambalo mdogo wake angelitarizi. Alikuwa ameshamtumia mchoro wa kwanza, na dirisha lile likiwa wazi pembeni, ujumbe ukaingia: "Dada, maua yangu hayataenea hapo shingoni."

Akausogeza mstari wa shingo papo hapo, akampelekea mchoro mpya.

"Hivi?"

"Zidisha kidogo."

Akazidisha.

"Hapo hapo, dada yangu. Usiguse tena."

Akachukua mkasi.